Mshale uliokataa kunyooka

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tano, na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu au nimezidiwa na kazi. Nipo. Kilichoniteka ni upinde. Wale mnaosubiri sehemu ya tatu ya mfululizo wa hifadhidata naomba mnivumilie, itakuja. Leo nataka niwasimulie habari ya mshale uliokataa kwenda sawasawa, kwa sababu kuutafutia dawa kumenipeleka kwenye historia ambayo mimi, mtoto wa Msambweni, nilipaswa kuijua tangu utotoni na sikuijua.

Mambo yalianza hivi. Jirani mmoja wa Diani, mgeni aliyekuwa akifunga nyumba arudi kwao Ulaya, aliniuzia feni, meza, na upinde wa kisasa ndani ya sanduku lake pamoja na mishale kumi na miwili ya kaboni. Meza ndiyo niliyoifuata. Upinde niliuchukua kwa sababu una kapi mbili na nyaya zinazopishana, na mwandika programu akiona mashine asiyoielewa hapati usingizi.

Nyuma ya nyumba kuna shamba la minazi. Nilipanga magunia matatu yaliyojazwa makumbi ya nazi, nyuma yake nikaweka ukuta wa magogo, mbuzi wakafungwa upande wa pili, na watoto wakaambiwa wakae barazani. Nikavuta, nikafyatua. Mshale ulitoka ukitikisa mkia kama samaki aliyetolewa majini, ukaingia guniani umelala upande. Wa pili vilevile. Wa tatu ulipiga gogo ukavunjika.

Nililaumu mkono wangu. Kisha nikalaumu upepo, maana ilikuwa Juni na kusi lilikuwa limeshika. Kisha nikalaumu chumvi ya bahari kwamba imekula ekseli za kapi. Ninyi mnaoandika programu mnaijua tabia hii: mtu hulaumu kila kitu kwanza, na kile chenye kosa hukifikia mwisho.

Jaribio la karatasi

Wapiga mishale wana njia yao ya kutafuta kosa, na ni nzuri kuliko zana nyingi ninazotumia kazini. Unatengeneza fremu ya mbao, unabandika karatasi ya gazeti, unasimama kama mita mbili na unapiga mshale upite katikati ya karatasi na kuingia kwenye gunia lililo nyuma yake. Mshale unaokwenda sawa huacha tundu moja dogo lenye alama za manyoya kulizunguka. Mshale unaokwenda upande huacha mpasuko mrefu: kichwa kimepita hapa, mkia umepita pale. Ule mpasuko ndio ripoti ya kosa. Unakuonyesha mkia ulikuwa wapi wakati kichwa kinatoboa.

Wangu ulipasua karatasi kwa urefu wa vidole vinne, mkia ukiwa juu na pembeni. Ile ya juu ilitibika upesi. Mkia ukipita juu, maana yake sehemu ya upote unapopachika mshale iko juu mno, basi unaishusha kidogo na kujaribu tena. Nilishusha milimita mbili, mpasuko wa juu ukaondoka. Nikakagua kapi zote mbili kama zinaanza na kumaliza kuzunguka kwa wakati mmoja. Zilikuwa sawa. Lakini ule mpasuko wa pembeni haukutaka kusikia. Nilisogeza kitegemeo cha mshale kushoto, kulia, nusu milimita kwa nusu milimita, jioni nne mfululizo. Karatasi za magazeti zikaniishia.

Hapo ndipo nilipoacha kugusa upinde na kuanza kusoma.

Kwa nini mshale hunyooka?

Chukua upinde wa kawaida wa mti. Mshale hauwezi kupita katikati ya mti, hupita ubavuni. Kwa hiyo ukiuvuta na kuulenga, mshale wenyewe unaangalia pembeni kidogo ya shabaha. Upote unaporudi, husukuma mkia kuelekea katikati ya upinde. Kwa hesabu ya kawaida mshale ulipaswa kuugonga mti na kurukia kando. Mbona haufanyi hivyo?

Jibu ni kwamba mshale hupinda. Upote unapousukuma kwa nguvu, mshale hujikunja kama nyoka, ukazunguka mti wa upinde bila kuugonga, kisha ukaendelea kucheza huku na huku hewani hadi manyoya yautulize. Binadamu walitumia jambo hili maelfu ya miaka bila kuliona kwa macho, kwa sababu linatokea haraka mno. Mmoja wa waliolionyesha kwa picha ni Clarence Hickman, mwanafizikia wa Marekani aliyefanya kazi Bell Labs, ambaye katika miaka ya 1930 alipiga filamu za mishale kwa kamera ya kasi kubwa. Bell Labs mnaijua: ndiko transista ilikozaliwa mwaka 1947, na Unix mwaka 1969.

Kutokana na hayo kuna kanuni moja inayotawala kila kitu: ukakamavu wa wano lazima ulingane na nguvu ya upinde. (Wano, kwa wale waliosahau Kiswahili cha babu zetu, ni ule mti wa mshale kabla ya kutiwa kichwa na manyoya.) Wano laini kwenye upinde wenye nguvu hupinda kupita kiasi. Wano gumu kwenye upinde dhaifu halipindi vya kutosha. Katika hali zote mbili mshale hutoka upande, na hakuna kusogezasogeza kitakachouponya. Manyoya hurekebisha baadaye, lakini kila marekebisho yanakula mwendo na nguvu za mshale.

Kapi za Missouri

Sasa kuhusu upinde wangu. Ni wa aina iliyobuniwa na Holless Wilbur Allen wa Missouri, Marekani. Katika miaka ya 1960 alikata ncha za upinde wa kawaida akafunga kapi. Aliomba hataza mwaka 1966 na akaipata Desemba 1969, mwaka uleule wa Unix.

Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa kazi ya kapi. Nenda Shimoni au Vanga utazame jahazi likitwekwa: henza inapita kwenye gofia, na foromali ambayo mtu mmoja asingeinyanyua inapanda mlingotini. Allen alitumia wazo hilohilo, akaongeza ujanja mmoja: kapi zake hazikutobolewa katikati. Tundu la ekseli liko pembeni. Kwa hiyo zinapozunguka, wenzo hubadilika. Upinde wa mti huzidi kuwa mzito kadiri unavyovuta, na unakuwa mzito kabisa pale pale unapotaka kutulia ulenge. Upinde wa kapi huwa mzito katikati ya kuvuta, kisha mwishoni unalegea. Upinde wa ratili 60 unaolegea kwa asilimia 75 unakuachia ratili 15 tu mkononi wakati wa kulenga. Mkono hautetemeki.

Tena mpini wake umechongwa ili mshale upite karibu na katikati, kwa hiyo hauna haja kubwa ya kuuzunguka kama kwenye upinde wa mti. Hapa ndipo nilipodanganyika. Nilidhani kwa kuwa mshale unapita katikati, ukakamavu wa wano si kitu. Kumbe wano bado linasukumwa kwa nguvu kutoka nyuma, na chochote chembamba kikisukumwa hivyo hupinda. Kapi haziifuti kanuni ile ya zamani. Zinapunguza ukali wake tu.

Na huku kwetu?

Nilipofika hapo nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo. Babu zangu walipiga mishale. Walijuaje?

Maana upinde si mgeni pwani hii. Shujaa mkubwa wa hadithi za Waswahili, Fumo Liongo, alikuwa mpiga mishale. Katika hadithi aliyoichapisha Edward Steere mwaka 1870, Liongo anachomwa kitovuni na mwanawe, anakwenda kisimani, anapiga goti na kutia mshale utani, na anafia hapohapo katika hali hiyo. Watu wakaogopa kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani yu hai. Huko Mombasa, waandishi wa Kireno wa miaka ya 1630 waliandika juu ya watu wa bara nyuma ya kisiwa, waliowaita Wamuzungulo, wenye pinde na mishale ya sumu, ambao iliwabidi Wareno kuwapa vitambaa ili amani iwepo. Na mwaka 1914 Wagiriama walipokataa kulazimishwa kazi na kuhamishwa, walikabili bunduki za King's African Rifles wakiwa na pinde.

Lakini mabingwa wenyewe walikuwa Waata, ambao wakoloni waliwaita Waliangulu. Ni watu wa lugha iliyo karibu na Kioromo, walioishi katika nyika nyuma ya pwani, kuanzia upande wa Tsavo hadi Mto Galana na kuendelea, wakipakana na Waduruma, Wagiriama na Wataita. Wao waliwinda ndovu kwa upinde mrefu wa mti mmoja. Wazungu waliopima pinde hizo walikuta nyingine zinazidi ratili 100. Ili mlinganishe: pinde za Waingereza zilizopatikana katika meli Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982, zinakadiriwa kuanzia ratili 100 kwenda juu, na zile zinaimbwa dunia nzima. Upinde wangu wa kapi, nikiukaza hadi mwisho, ni ratili 60.

Mwata hakupiga kwa mbali. Alinyemelea hadi hatua chache, kwa sababu mshale ulipaswa kuingia ndani sana ubavuni. Kichwa cha chuma kilikuwa kwenye kijiti chake, na sumu ya msunguti ilipakwa kwenye kijiti hicho na kufunikwa kwa ngozi nyembamba isikauke. Mshale wa namna hiyo ni mzito mbele. Sasa fikiria kwa akili ya fundi. Una upinde wa zaidi ya ratili 100, una mshale mzito kichwani, na umesimama mahali ambapo ukikosea huna pa kukimbilia. Mshale ukitoka upande hata kidogo, nguvu zinamalizikia juu ya ngozi. Wano lisilolingana na uta lingemuua mwindaji. Kwa hiyo kulinganisha walijua, na walijua vizuri kuliko mimi na mafunzo yangu yote ya mtandaoni.

Tatizo ni kwamba hawakuandika. Walioandika ni wengine, na hapa pananiuma.

Kumbukumbu zilizoandikwa na waliokamata

Mbuga ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948 juu ya ardhi ambamo Waata walikuwa wakiwinda. Uwindaji wao ulikuwa tayari kosa kwa sheria za kikoloni, na pembe walizopata zilikuwa zikishuka pwani kwa wafanyabiashara. Kuanzia mwishoni mwa 1956 walinzi wa mbuga wakiongozwa na David Sheldrick, pamoja na Bill Woodley na wenzao, waliendesha kampeni kubwa ya kuwakamata wawindaji. Kufikia mwanzoni mwa 1958 uwindaji wa Waata ulikuwa umevunjwa.

Namna walivyokamatwa inastahili kusimuliwa kwenye blogu ya teknolojia. Kila mwindaji aliweka alama yake kwenye mishale. Ilikuwa saini: ndovu akifa mbali na kuokotwa baada ya siku kadhaa, mshale ulisema nani mwenye haki ya pembe. Ni utaratibu safi wa kuzuia ugomvi. Lakini walinzi walipojifunza kuzisoma alama hizo, kila mshale uliookotwa ukawa ushahidi. Mfumo uliotengenezwa ili watu waaminiane ukageuka rejista ya washtakiwa. Ninyi mnaohifadhi data za watu, tafakarini hilo kabla ya kulala.

Baadaye baadhi ya wakubwa hao walisikitika. Mwaka 1960 ulianzishwa mradi wa Galana, mashariki ya Tsavo, ambao Ian Parker aliufanyia kazi, kwa nia ya kuwaajiri Waata wawinde kwa idhini katika ardhi waliyoijua. Lengo hilo halikudumu. Mwaka 1967 Dennis Holman alichapisha kitabu juu ya Waata, The Elephant People. Na Mei 1977 serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote nchini.

Naomba nieleweke. Sitetei ujangili. Mwaka 2014 ndovu Satao, mmoja wa wale wachache waliobaki wenye pembe zinazogusa ardhi, aliuawa Tsavo kwa mshale wa sumu, na nililia kama wengine. Shimba Hills iko juu yetu hapa na ndovu wake ni majirani zetu. Ninachosema ni hiki: ujuzi wa kutengeneza mshale unaonyooka na kosa la kuua ndovu ni vitu viwili. Vilihukumiwa pamoja, vikafungwa pamoja. Na sehemu kubwa ya yaliyobaki maandishini kuhusu pinde za nyika iliandikwa na waliokwenda kuzinyang'anya, ambao walipima ratili na kuhesabu mishale, na ufundi wa kuchagua wano hawakuuingia kwa kina, maana haikuwa kazi yao.

Mzee wa upande wa Kinango

Rafiki yangu mmoja tunayefanya naye kazi ni Mduruma wa upande wa Kinango. Nilipomweleza mkasa wangu alicheka, akasema babu yake alikuwa mtu wa uta zamani. Jumamosi tukapanda matatu hadi Kwale, kisha bodaboda. Upinde niliuacha nyumbani. Nilibeba mshale mmoja tu, kichwa nikakifungua, nikauviringisha kwenye gazeti. Niliona haya kuubeba hivihivi.

Mzee tulimkuta chini ya mwembe. Tulimpa shikamoo, akauliza habari za nyumbani, za wazazi, za mvua ya huko pwani. Chai ikaletwa. Baada ya hapo tu ndipo rafiki yangu akasema, "Tsawe, huyu mwenzangu ana muvi wake unaokwenda kombo, anaomba umtazamie."

Akanyamaza kidogo. "Muvi wa nini?"

"Wa kulengea magunia, tsawe," nikasema. "Mchezo tu."

Nikaufungua. Aliushika kaboni ile nyeusi, akaigonga kwa kucha akasikiliza, akaiinua jichoni akatazama urefu wake kama mtu anayetazama kupitia tundu la ufunguo. Kisha akaweka ncha moja kwenye paja, akaukunja taratibu kwa kiganja, akauachia. Akarudia mara mbili.

"Umenyooka vizuri sana. Sisi tulikuwa tukinyosha kwa makaa, na kesho yake umerudi kombo tena. Huu hauna kosa." Akanirudishia. "Ila uta wako ni wa mtu mzima na wano hili ni la mtoto. Hili halina uta wake hapo kwako. Litafutie mwenzake."

Kumbukeni hakuwa ameuona upinde wangu. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba ni mgumu kuvuta.

Nilimwuliza alijuaje. Akasema mtu akikata miti kumi ya mawano, anaikunja yote kwa mkono uleule, inayofanana inakaa pamoja, isiyofanana inapewa mtu mwenye uta mwingine. Nilimwuliza kama bado ana uta wake. Akatazama chini. Akasema aliuchoma mwenyewe mwaka 1997.

Wenyeji wa Kwale hawahitaji kuelezwa zaidi. Kwa wengine: Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, watu wakauawa, maelfu ya watu wenye asili ya bara wakafukuzwa, na msako ukaenea kusini mwa Pwani. Washambuliaji walibeba mapanga na pinde pamoja na bunduki walizopora. Katika wiki zile, mzee aliyekutwa na uta ukutani angeeleza nini na nani angemsikiliza? Basi akautia motoni usiku, na podo lake, na mawano aliyokuwa ameyapanga kwa makundi. "Ulikuwa umerithiwa," akasema. Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza.

Chupa ya maji

Niliporudi nyumbani nilitaka kuthibitisha, si kwa sababu sikumwamini mzee, ila ndivyo tulivyofundishwa. Kipimo cha kisasa cha ukakamavu ni rahisi na mtu yeyote anaweza kukifanya. Unalaza wano juu ya misumari miwili iliyoachana inchi 28, yaani sentimita 71. Katikati unaning'iniza uzito wa gramu 880. Unapima wano limebonyea kiasi gani. Likibonyea nusu inchi, namba yake ni 500. Likibonyea inchi sehemu nne kwa kumi, ni 400. Namba ikiwa kubwa, wano ni laini.

Uzito niliupata kwa chupa ya lita moja. Niliiweka kwenye mizani ya duka la jirani, nikaijaza maji hadi chupa na maji na kamba vikafika gramu 880. Wano langu lilibonyea milimita 15. Hiyo ni namba 600. Kwa upinde wa ratili 60 na mshale wa urefu wangu, majedwali ya watengenezaji yanataka kama 400, yaani milimita 10. Mzee alikuwa sahihi, na kifaa chake kilikuwa paja na kiganja. Pengine mishale hiyo ilinunuliwa kwa ajili ya mtu mwingine wa nyumba ile aliyekuwa na upinde mwepesi. Nawaonya pia kwamba kupiga wano laini mno kwa upinde wenye nguvu ni hatari, kaboni inaweza kupasuka mkononi. Nilikuwa nikicheza na moto bila kujua.

Kununua mishale mipya na kuiagiza hadi Msambweni kungegharimu kuliko upinde wenyewe. Nikafuata neno la mzee: kama wano ni la mtoto, litafutie uta wa mtoto. Nililegeza boliti za mikono ya upinde, mzunguko mmoja juu na mmoja chini, tena juu na tena chini, zisipishane, hadi nikafika ratili 45, kiwango cha chini ambacho watengenezaji wa upinde huu wanakiruhusu. Mishale ilikuwa mirefu kuliko haja yangu, nikaikata inchi moja kila mmoja, kwa kuwa wano likiwa fupi huwa gumu zaidi. Nikarudisha kitegemeo katikati. Nikabandika gazeti.

Tundu moja. Dogo, la duara, na alama tatu za manyoya.

Nilikaa chini nikaliangalia kwa muda. Jioni ile mishale sita ilikaa kwenye eneo la kiganja kwa hatua ishirini, na kusi likivuma vilevile.

Kilichobaki

Upinde wa kapi sasa una mashindano yake duniani. Olimpiki umeingizwa kwa mara ya kwanza katika ratiba ya Los Angeles 2028, timu ya mchanganyiko. Kenya nayo ina wapiga mishale: Shehzana Anwar alishindana Rio mwaka 2016 kwa upinde wa kawaida wa Olimpiki na ndiye aliyebeba bendera yetu siku ya ufunguzi. Kwa hiyo mtoto wa Kwale akitaka kushika upinde leo kwa mchezo, njia ipo. Na akiushika, atafundishwa ukakamavu wa wano kutoka majedwali ya Marekani kama nilivyofundishwa mimi, na atadhani jambo hilo lilitoka huko.

Ndiyo maana Jumamosi ijayo narudi Kinango. Mzee amekubali nimrekodi, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe wala kijiji chake kisitajwe, na habari za sumu zisiulizwe kabisa. Masharti yote nimeyakubali. Nataka anieleze miti: upi ulikuwa wa uta, upi wa wano, ulikatwa mwezi gani, ulikaa kivulini siku ngapi. Nataka majina ya kila sehemu kwa Kiduruma, maana mimi Mdigo nina uha na muvi tu, na hapo msamiati wangu unaishia. Nimemnunulia pia kifungu cha fito zilizonyooka, nione atakavyozipanga kwa mkono, halafu mimi nizipime nyuma yake kwa chupa ya maji na kuandika namba.

Kama una mzee wa aina hiyo nyumbani kwenu, Kinango, Samburu, Lunga Lunga au popote, nakuomba usingoje. Simu yako inarekodi sauti. Muulize leo.

Na ule mfululizo wa hifadhidata sijausahau. Baada ya Kinango, inshallah.